Mkanda wa Nne

Jumatatu, 7 Machi 2011

Wiki ya tatu ya ndoa, bado nikiamka namwangalia Kisyeri wangu kama ni kweli! Leo tumekaa sakafuni tukisafisha mkanda wa nne wa filamu yake – yeye anazungusha, mimi nafuta kwa pamba. Aliiona utotoni, gari la sinema lilipokuja Mugumu. Hajui nakala nyingine popote. Mikanda mitatu iko Kisumu kwa Oduol, rafiki yake, anayeipiga picha moja moja aihifadhi kwenye kompyuta. Katika huu wa nne bibi harusi anacheka. Kwenye kile kipicha ni mdogo kama ukucha! Kisyeri anasema anacheka kama mimi. Niliyeyuka.

Jumatano, 9 Machi 2011

Kisyeri kaenda Kisumu na wa tano. Wa nne umebaki, gundi tuliyounganishia ulipokatika haijakauka.

Shemeji Simioni kaja kutoka machimboni, vumbi hadi kope. Eti filamu za zamani zina silva, madini ya fedha! Wachome, majivu wayaoshe kama udongo wa dhahabu. Nikamwambia achome suruali yake. Akacheka: bibi harusi mkali!

Alhamisi, 10 Machi 2011

Mkebe wa mkanda haupo!! Nimetoka kuchota maji, haupo. Mama mkwe kasema baba mkwe ndiye kampa Simioni ruhusa, kila kilichomo bomani ni chake. Simu ya Kisyeri haipatikani. Mimi kusema na baba mkwe siwezi, hata kumtazama, ni mwiko. Nikamtuma mama mkwe. Akarudi na jibu: nililetwa kuolewa, sikuletwa kulinda takataka.

Takataka!

Ijumaa, 11 Machi 2011

Naandika nimekaa juu ya mkebe, mlangoni mwa zizi. Niliona Simioni anapanga kuni, mkebe kando yake – nikapita mbele ya wazee wote, nikaukalia. Mgongo nimempa baba mkwe. Heshima nimeshika!

Akamwambia Simioni anitoe. Simioni: "Mimi? Mke wa kaka? Mtoe wewe, mzee." Na yeye ndiye hawezi kabisa kunigusa, mwiko ni uleule. Mama mkwe nimemwona akiuma khanga asicheke.

Sasa baba mkwe anaongea na ng'ombe. "Mwambieni huyo mtu jua litamchoma."

Nami nimewajibu ng'ombe: "Mwambieni aliyesema, afadhali nichomwe mimi."

Simioni kawasha kiberiti. Kuni zimeshika, mkebe bado uko chini yangu. Hakuna aliyeondoka.