Pijo Ikishapata Moto

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Pijo yangu imewaka asubuhi kwa ufunguo mmoja. Mtongwe nzima imesikia! Jumamosi, hii ndiyo itakayompeleka mpwa wangu Sidi kanisani Makupa. Mjomba ndiye anayemtoa bibi harusi nyumbani, na mjomba ni mimi. Hii ndiyo gari niliyoitoa Lungalunga tangi likiwa kavu, kwa upepo wa nyuma tu.

Lakini mchana, natoka dukani — stata inazunguka, injini haishiki. Nikangoja ipoe. Ikawaka.

Jumatano, 3 Desemba

Tena. Ikiwa baridi inawaka, ikiwa moto inagoma. Nimefungua plagi: nyeusi, zimelowa chepechepe. Basi petroli inafika, tena kupita kiasi. Si pampu, si betri. Ni kabureta! Nimejua mwenyewe kabla Hashim fundi hajainua boneti.

Hashim naye kasema vivyo hivyo. Joto linapanda, petroli inachemka kwenye kabureta, inamwagikia ndani ya injini. Kile kipande kinene cha kuzuia joto chini yake kimepasuka. Kingine kitafika wiki ijayo. Wiki ijayo! Harusi ingoje kipande?

Kwa sasa, eti, ikizimwa na moto wake nisipampu pedali ya mafuta. Nikanyage mpaka chini, nishikilie, ndipo nizungushe ufunguo. "Wallahi Kaingu, mguu usicheze." Ananifundisha mimi! Babake nilimfundisha gia.

Ijumaa, 5 Desemba

Dada yangu Margaret, mamake Sidi, amekuja na maneno yake. Kwenye feri lazima injini izimwe. Tuzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu basi, hakuna kuzima. Nikakataa. Bibi harusi apitishwe nyuma kama gunia la nazi? Likoni imuone!

"Imuone Sidi au ikuone wewe?" Mbele ya wanawake wanaopeta mchele. Wakaangua kicheko.

Sidi hakucheka. Akasema yeye anakwenda na mjomba wake.

Jumamosi, 6 Desemba

Naandika ndani ya gari, kando ya barabara, upande wa kisiwani. Suti imenishika mgongoni kwa jasho.

Tuliingia feri kwa vigelegele. Nikazima. Jua kali. Lango likashuka, magari ya mbele yakatoka. Nikazungusha — hakuna. Honi nyuma. Mtu akapiga kelele, "Mzee, hiyo ni gari au jiko?" Watu hao! Nilipampu. Kidogo tu! Honi zote hizo kisogoni, mguu utatulia vipi? Harufu ya petroli ikaingia mpaka kwenye shela.

Wanaume wa mikokoteni wakatusukuma hadi juu, wakiimba nyimbo za harusi. Washenzi.

Margaret alikuwa nyuma, kwenye gari la jirani yetu Tinga. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alifungua mlango, akamshika Sidi mkono kumpeleka kwenye gari lile, basi. Sidi akageuka:

"Mjomba, utakuja?"

Nikamwambia nitawapita njiani.

Nikakaa. Nikakaa. Ikapoa. Sasa hivi nimejaribu — ufunguo mmoja! Inanguruma kama simba, na wa kuisikia ni muuza njugu peke yake. Mbele, njia ya Makupa. Nyuma, foleni ya feri ya kurudi nyumbani.

Simu inaita. Ni Sidi. Kwa mngurumo huu sitamsikia. Na nikiizima Pijo, imeshapata moto.

Bado inaita.