Kiraka cha Hatua Tisa

Mukurweini,
14 Juni 2025

Mwanangu Chris,

Mimi ni mzima, ni mgongo tu unaonidai. Natumaini baridi ya Nyeri haijakuingia kifuani. Barua hii nimempa Muriithi wa lori la maziwa. Simu nimezima na itakaa imezimwa. Kwenye simu unanishinda kwa mdomo, kwenye karatasi tuko sawa.

Jumanne walikuja vijana watatu wanasukuma gurudumu, ati wanapima barabara. Mmoja akasimama mbele ya cherehani yangu. "Mama, ukitaka chumvi unatembea hatua ngapi?" Nikamwambia kumi na nne. Nyama kwa Ngatia hapa kando, tano. Kanisa tisini na sita. Na ni nani amewatuma? Akasema: Chris.

Chris yupi? Si yule wa Pasaka? Ulisimama hapa hapa kwa hii veranda ukaniambia, "Mama, huu mji umekufa. Funga duka, tuhamie Nyeri." Duka ambalo mimi, mtu wa Bungoma niliyeletwa huku na polisi akanifia, nimelishika peke yangu miaka kumi na tisa! Sasa ninasikia unatafuta miji midogo ya kutembea kwa miguu uirudishie uhai. Watu hufufuka Pasaka, hawafi. Yangu imegeuka vipi?

Nieleze, maana sielewi.

Mama yako


Naro Moru,
2 Julai 2025

Mama,

Habari ya huko, na mgongo umeupaka ile dawa? Mimi niko salama, ila mlima umejificha wiki nzima na soksi hazikauki.

Ya Pasaka nilikosea, na nimeona nilivyokosea kwa kupima. Tunatafuta mji ambao mtu asiye na gari anapata kila kitu kwa miguu, bila kugongwa na bila kulowa. Hapa Naro Moru barabara kubwa imekata mji katikati. Hapo kwenu kuna maduka tisa ya zamani, veranda zimeshikana kama watu wanaocheza ngoma. Mtu anatoka posta mpaka kwa posho mill kusaga unga, hatua mia moja sitini na nane, na tone la mvua halimgusi. Ulinipeleka shule chini ya paa hilo, nikadhani ni mabati tu.

Kesho ninaenda kupima mji wa Kenol, nitakaa mwezi mzima. Mengine nitakuambia nikirudi.

Mwanao, Chris


Mukurweini,
21 Julai 2025

Chris,

Salamu. Afya yangu usiulize.

Juzi wale vijana wako walirudi na mkebe wa rangi nyekundu. Wakapita wakipaka X kwa kila nguzo ya veranda, kuanzia posta. Hawakusema kitu. Walikuwa na haraka na mmoja alikuwa na muziki masikioni.

Mimi ni mke wa polisi. Baba yako alikuwa anatumwa kusimamia watu wakibomolewa, na nyumbani alikuwa ananihadithia: leo X, siku ya tatu tingatinga. Na alikuwa anasema mjanja ni yule anayejibomolea mwenyewe, huyo ndiye anayebaki na mabati yake. Kwa hivyo sikungoja. Nilimwita fundi Kihara, na kufikia saa kumi veranda yote ilikuwa chini. Mabati kumi na manne, hakuna hata moja limetoboka. Nguzo sita za mwerezi amechukua Kihara badala ya malipo.

Ngatia aliniambia, "Mama Chris, ngoja kidogo." Gathoni wa upande ule mwingine alisema ameacha mikononi mwa Mungu. Nikawaambia wangoje na Mungu, tingatinga haliombi.

Sasa ninashona na jua usoni. Hilo ninaweza kulivumilia. Ninachojiuliza ni mtoto wa aina gani anaandika barua inasifu paa la mama yake, halafu anatuma X.

Mama yako


Nyeri,
9 Agosti 2025

Mama,

Nimefika jana kutoka Kenol nikakuta barua yako mlangoni. Nimeisoma nimesimama, halafu nikaketi chini na begi mgongoni.

Mama, X ilikuwa ya kubakizwa. Kwenye ramani yetu X ni mahali pasipoguswa. Rangi nyekundu ilitumika kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki stoo. Sikufikiria. Nimesoma miaka minne mambo ya miji na sikukumbuka kwamba nchi hii yote inaiogopa alama hiyo. Kosa ni langu.

Ubaya ni huu. Wakaguzi wanakuja Jumatano, tarehe nane Oktoba. Wanataka safu isiyokatika, posta mpaka posho mill. Ikikatika hata mahali pamoja, mji unatoka kwenye orodha ya kurudishiwa uhai na zamu inaenda kwa mwingine. Pengo lako ni hatua tisa. Maduka tisa yanategemea hatua hizo. Na mimi siruhusiwi kuja siku hiyo, kwa sababu ni kwa mama yangu.

Kihara anaweza kurudisha zile nguzo? Nilimpigia Ngatia nimuulize. Alicheka mpaka akakata simu.

Nisamehe. Washa simu.

Mwanao


Nyeri,
20 Septemba 2025

Mama,

U mzima? Wiki sita sijapata neno. Muriithi anasema alikuona umeinama kwenye cherehani na hukuinua kichwa. Niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana.

Chris


Mukurweini,
9 Oktoba 2025

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Mimi niko, na mgongo sasa ni wa bibi kizee kweli.

Sikukujibu kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Nguzo hazirudi. Kihara amejengea zizi, na ng'ombe wake anajikuna kwa X yako kila asubuhi. Nikakaa nikapiga hesabu. Hatua tisa ni futi ishirini na mbili. Mabati bila nguzo ni kelele tu. Lakini mimi si seremala, Chris, mimi ninashona.

Muriithi alinipa turubai kuukuu la lori. Nimelikata, nimelipiga mishono miwili miwili, nimevunja sindano kumi na moja. Upande mmoja nimelifunga kwa nguzo ya Ngatia, upande wa pili kwa ya Gathoni, nyuma kwa ukuta wangu. Ngatia bado anacheka, lakini kamba alishika yeye.

Jana walikuja wanne, na mvua ikaja nao. Walitoka posta wakiwa wakavu mpaka kwa Ngatia. Hapo wakasimama wakaangalia juu. Mkubwa wao, mama mmoja anaitwa Anita, akauliza, "Hii ni nini?"

"Kiraka," nikasema.

"Cha nini?"

"Cha mji. Ni mimi niliyeupasua."

Akavuka polepole akihesabu kwa midomo, tisa, mpaka kwa Gathoni. Akajishika bega, kavu. Wakanong'onezana, wakaandika, hawakuniambia kitu. Halafu akaomba mkebe wa rangi, na kwa sababu nguzo sina, akapaka kwa turubai lenyewe. X. Nyekundu!

Gathoni akapiga nduru: "Mama Chris, wamekupiga X tena!" Kabla hajafunga mdomo, Kihara alikuwa ametokea na mtaimbo begani.

Mwanangu, nilichanganyikiwa. Macho yangu yalisema fungua kamba haraka, okoa kitambaa. Barua yako ilisema ni ya kubakizwa. Nilisimama hapo nimeshika fundo la kamba. Halafu nikaliacha. Nikamwambia Kihara arudi kwa ng'ombe wake.

Leo ni siku ya kwanza. Ya tatu ni Jumamosi. Kama tingatinga halijaja, nitajua umesema kweli. Lakini usiningojee nijue peke yangu. Simu bado nimezima. Njoo unieleze ukiwa mbele yangu. Kutoka steji ya matatu mpaka kwangu ni hatua mia moja na mbili, na zile za mwisho hutalowa.

Mama yako