Madoa Chini ya Majani ya Kangaga

Mpwa wangu,

Siku hizi hata wasomi wananibishia hodi kuuliza habari za mimea. Basi tulia, kangaga la marehemu mama yako ulilonikabidhi ni zima. Niliona madoa ya kahawia yamejipanga chini ya majani, nikajua ni wadudu, nikayasugua kwa sabuni mpaka majani yakanyauka. Nikakimbilia kwa muuza maua. Akanicheka: “Mzee, hizo ni mbegu zake. Unasugua ujauzito wa watu!” Nikalihamishia bafuni lipate unyevu. Leo limechipua majani mawili, yamejikunja kama masikio ya kichanga.

Ila lile lililostawi kwenye picha niliyokutumia juzi si la mama yako; nililiazima kwa muuza maua.

Mjomba wako