Mpima Mvua wa Bomani

Mbeya, 4 Desemba 1956

Mpenzi Benedicta,

Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenilaza na koti karibu mwaka mzima.

Mwambie tena baba yako kwamba kazi yangu hapa bomani ni kupima mvua, siyo kuileta. Machi maharage yake yalipooza shambani kwa mvua nyingi, alinilaumu mimi. Juni baridi ilipounguza viazi, akaniandikia, "Edmund, kama humtaki binti yangu sema, usiniharibie shamba." Oktoba akaapa kwamba hakuna harusi mpaka mvua inyeshe huko kwenu Tosamaganga kabla ya Novemba kwisha.

Basi tarehe ishirini na tisa Novemba ikanyesha, na jana nilipokea jogoo kwa basi, kafungwa karatasi mguuni: "Ahsante, mkwe. Siku ya harusi nataka jua."

Ningemrudisha yule jogoo na kusema ukweli. Lakini nakupenda, na njaa nilikuwa nayo.

Mwambie nimekubali, ila harusi iwe Julai. Nimepima kila asubuhi mwaka huu, na Julai halikudondoka hata tone huku, wala huko kwenu kwa ripoti zinazofika bomani.

Wako, mshika funguo za mvua,
Edmund