Tango lililotiwa dawa

Jumatano, baada ya alasiri. Mvua imekatika, bati bado linadondosha matone.

Sasa hivi Naila kanitia kidole puani, kacheka peke yake, kisha kalala palepale. Mkononi kashikilia kikonyo cha tango, hataki kukiachia, nami simnyang'anyi. Leo namwachia chochote atakacho.

Ndiyo kwanza nimepata nafasi ya kukaa na kuandika.

Nianze na ndoo. Ni ndoo za rangi, baba Naila alizileta kutoka Kendwa anakofanya kazi hotelini, akazitoboa chini kwa msumari wa moto kabla hajarudi kazini. Nikatia udongo na samadi, ndoo moja nikapanda tungule, nyanya zetu za mchuzi, nyengine zote matango, nikayafungia kamba mpaka kwenye waya wa kuanikia nguo. Uwa wetu hapa Ng'ambo ni mdogo, na tunautumia pamoja na Bi. Mwanakheri wa chumba cha mbele. Lakini yakatambaa, yakatoa maua, kila apitaye anasema, "Loo, Mama Naila, matango hayo!"

Wiki hii majani yakaanza kujikunja. Ukiyatikisa, vidudu vyeupe vinaruka kama unga. Nikamlalamikia Bi. Mwanakheri: juzi yalikuwa mazuri, leo sijui yamepatwa na nini. Akanitazama, akatikisa kichwa.

Jana jioni akanambia, "Nshakutilia dawa matango yako. Usiyamwagie maji mpaka kesho, utaiosha yote."

Nikashukuru. Sikuuliza dawa gani.

Leo asubuhi nnafua, Naila yuko nyuma yangu, kimya. Mtoto wa umri wake akinyamaza ujue kuna jambo. Nageuka: tango la kwanza, lile nililokuwa naliamkia kila siku, limeng'atwa hapohapo linaponing'inia, alama za vijino vyake zimekaa wazi. Na midomo yake ina umanjano. Nikatazama majani. Matone ya manjano yamekaukia kila mahali.

Sijui nilipiga ukelele gani. Nikamfuta mdomo kwa kanga, nikampigia simu Bi. Mwanakheri. Inaita tu. Kenda sokoni Darajani, na simu yake hukaa chini kabisa ya kikapu. Kwa hasira nikang'oa shina moja zima, nikalitupa. Mtu gani anatia sumu penye mtoto anayejifunza kutembea? Moyoni nilimwambia yule bibi maneno ambayo hapa siyaandiki.

Nikalichuma lile tango, nikambeba mtoto, mbio mpaka kituo cha afya. Kandambili moja ilibaki njiani.

"Kala dawa gani?" nesi akaniuliza.

"Sijui."

"Chupa yake iko wapi?"

"Sijaiona."

"Aliyetia je?"

"Hapokei simu."

Nilijiona mama wa bure kabisa. Kila mtu anajua mwanawe kala nini, mimi sijui.

Nesi akampima Naila, akamtazama macho, akamnusa mdomo. Akanusa tena. Akalichukua tango, akalinusa na lenyewe.

"We mama, mbona mwanao ananukia marashi? Kama anakwenda harusini!"

Mie nna mafua tangu Jumapili, hata samaki aliyeoza simsikii. Nilikuwa bado namtumbulia macho, simu ikalia. Nikaiweka sauti ya juu ili na nesi asikie.

"Bi. Mwanakheri, uliyatia dawa gani matango?"

"Dawa gani tena? Kombe!"

"Kombe?"

"Kombe, mwanangu. Maalim kaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, mie nikaikosha kwa maji na marashi, nikanyunyiza. Macho ya husuda ya wapita njia hapo mlangoni wewe unayaona madogo?"

"Na wadudu je?"

"Wadudu gani? Mie uliniambia habari za wadudu?"

Nikamwambia Naila kala. Alicheka mpaka nikawasikia wauza samaki wanamuuliza kuna nini. "Basi si ndo vizuri! Kajikinga na yeye!"

Nesi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mimi nilikaa sakafuni nikalia. Nikalia na kucheka, na Naila akanipaka zafarani shavuni akijidai ananifuta machozi.

Hata hivyo nesi hakutuachia mara moja. Alituweka pale akimwangalia mtoto mpaka roho yake ikatua. Akanambia siku nyingine nije na chupa, na kama chupa haipo, nije na aliyetia.

Nimerudi nimelipanda tena lile shina. Limelala kama mgonjwa, sijui kama litashika. Wadudu wako palepale, nimewapiga maji ya sabuni. Tango nimelikata kichwa, nikalisugua kwa kichwa hichohicho kutoa uchungu mpaka povu likatoka, na halikuwa chungu hata kidogo. Upande mmoja kala Naila, mwengine nimempelekea Bi. Mwanakheri aliporudi. Yale niliyoyasema moyoni sikumwambia. Nilimbusu mkono tu, akastaajabu.

Mtu kapanda ngazi ya msikiti, katafuta maalim, kabeba sahani kwa mikono miwili, kwa ajili ya matango yangu. Na mimi nilimwita muuaji.

Alhamdulillahi. Naila anakoroma, na mimi leo nimejiwekea neno moja: akitokea mtu akanambia katia dawa, nitamuuliza kwanza, halafu ndo nishukuru.

Huyo sasa ananiita uwani: "Mama Naila! Mama Naila we! Na tungule zako nshazitia dawa!"

Nimeitika naam. Naila kafumbua jicho moja. Ngoja nitoke mbio nikamuulize, hii ya leo ni dawa ya sahani au ya chupa.