Kondoo wa Mzazi Asiyezaa

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Naanza na salamu, usije ukasema tangu tuhamie Lemara nimesahau adabu. Leo nimetoka hospitali kubadilishiwa kitanzi, na mtu wa kwanza niliyetaka kumpa habari ni wewe.

Unakumbuka cha kwanza kilivyokuja? Nilikuwa nimemzaa Upendo, binti yetu wa tatu, na damu ikagoma kukata. Ulikaa pembeni ya kitanda changu ukiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, hadi manesi wakakuzoea. Daktari alisema nikibeba mimba nyingine naweza nisipone. Mimi na mwanao Elirehema tukakubaliana niwekewe kitanzi chenye homoni, kile kinachokaa miaka kwenye mfuko wa uzazi. Nesi akanieleza kwamba hedhi inaweza kupungua, hata kukatika kabisa, na si ugonjwa. Tulikubaliana kila kitu isipokuwa nani akwambie. Kijiji kizima cha Akheri, hadi wanakwaya, walijua unangoja mjukuu wa kiume abebe jina la marehemu mume wako.

Basi, hedhi ikakatika. Na wewe, mama, macho yako! Ukaona vitambaa vyangu havianikwi tena nyuma ya jiko. Hukuuliza kitu. Ulinunua kondoo dume, ukamfungia bandani, ukaanza kumlisha maganda ya ndizi, kama kondoo wa mzazi anavyonenepeshwa mapema ili supu yake imrudishie mama damu. Mimi nikadhani ni wa Krismasi. Nilikusaidia hata kumkatia majani, nikamsifia na mkia!

Kondoo akanenepa, tumbo langu likabaki vile vile. Asubuhi moja ukaniita jikoni, ukafunga mlango.

"Mama Nuru, huyu mtoto amejificha wapi?"

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikakueleza yote. Niliogopa utaniambia nikakitoe, na nilijua ukisema hivyo Elirehema hataweza kukupinga. Ukawa unachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Jina la mzee haliwezi kuwasuka nywele hawa mabinti, wewe ukiwa kaburini," ukasema. Halafu ukafungua mlango, ukamwita mwanao. "Mchinje. Damu aliyomwaga huyu bado hatujamrudishia."

Nikanywa supu ya mzazi bila kuzaa, umenisimamia mlangoni, mafuta yananishinda nawe hunionei huruma. Jirani alipochungulia kuuliza mtoto yuko wapi, ukamjibu, "Ni huyu anayekunywa." Sijui kama uliwahi kulia peke yako kwa ajili ya lile jina. Sikuthubutu kukuuliza, na hadi leo inanichoma.

Ila nilipona, mama. Niliacha kuhesabu tarehe kwa hofu. Nilimkumbatia mume wangu bila kuwaza jeneza. Upendo sasa anasoma, na ananisahihisha Kiingereza bila aibu.

Mwaka huu muda wa kile kitanzi ukaisha, nawe hupo tena duniani. Shangazi zake Elirehema wakaanza kupiga simu: kidude kitolewe, nyumba ipate mwanaume. Elirehema alikuwa anasikiliza, anaitikia "ndiyo shangazi", anakata simu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba siku ile aliyenitetea ulikuwa wewe, si yeye. Leo asubuhi nikamwambia naenda kubadilisha. Akasema "haya", basi. Nilikaa kwenye benchi la kliniki sijui nitarudi nikute uso gani. Nesi alipomaliza na kuniambia nivae, nilimshukuru mara nyingi hadi akacheka.

Nimerudi, nyumba kimya. Nyuma ya jiko nikasikia kitu kinatafuna. Kondoo dume amefungwa kwenye nguzo, na Elirehema kachuchumaa mbele yake na beseni la maganda ya ndizi, bado kavaa shati la kazini. Hakugeuka.

"Mama aliniachia maagizo ya siku hii," akasema. "Shangazi nimeshawaambia wasipige tena."

Nimekaa chini pale pale, mama, nikalia hadi kondoo akashtuka. Hukuwahi kuniambia.

Lala salama. Mkia wake ni mkubwa kuliko wa yule wa kwanza, na safari hii najua ni wa nani.

Mkweo,
Mama Nuru