Aliyegonga Geti la Kanisa

Tamanda,

Usiguse gari leo, halina bima. Iliisha mwezi uliopita na baba yako akakaa kimya. Nsima ipo, ila mboga uipashe moto.

Asubuhi nilimpigia wakala kule Limbe ili tukate bima upya. Akauliza, "Ile ajali tuliyowalipa mwaka jana, dereva alikuwa mzee mwenyewe?" Nikalirudia swali kwa sauti. Baba yako akaichukua simu, akajibu, "Ni mimi." Fomu ilipotajwa, akakata simu. Hapo nikaelewa kwa nini aliiacha bima iishe: hakutaka kusaini uongo ule mara ya pili.

Mwanangu, aliyegonga geti la kanisa ni mimi, na sikuwa na leseni. Mwaka mzima wazee wa kanisa wanamwita baba yako Bwana Geti, naye anacheka tu. Nimechoka kumwona akicheka.

~~Usimwambie nimekwenda wapi.~~ Mwambie nimekwenda Limbe kuandika jina langu kwenye nafasi ya dereva. Wakitudai fidia waliyolipa, tutalipa. Wakitunyima bima, tutatembea kwa miguu.

Akiuliza kama nimemkasirikia, mwambie hapana. Mkumbushe dawa ya presha.

Mama